KELELE ZA CHURA: KWA NINI DEREVA HASIKII ALAMU YA GARI LAKE?



Leo naomba tuzungumzie kitu ambacho kila aliyewahi kupanda gari hapa Bongo amekisikia, ila sioni watu wakikijadili kwa kina: kelele za gari lenyewe. Nazungumzia ile "tii, tii, tii" ya basi la mkoani mwendo ukizidi, kengele ya mkanda, taa za njano na nyekundu kwenye dashibodi, na siku hizi haya magari yanayolia ukikanyaga tu mstari wa barabara. Vyote hivyo vimewekwa kwa kazi moja, kumwambia dereva: ndugu, angalia, unakwenda kuua au kufa. Na dereva naye ana jibu lake, ambalo wahenga walishamwandalia zamani: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Swali langu ni jepesi. Kwa nini?

Jibu la haraka utalipata kijiweni popote: madereva wetu wakorofi, hawajaenda shule, leseni wamenunua. Mimi jibu hilo silikubali, na nitaeleza sababu. Lingekuwa la kweli, basi kule ambako dereva anafundishwa miezi kadhaa na kufanya mitihani miwili mitatu, watu wangekuwa wanazishangilia hizi alamu. Hawazishangilii. Wanazizima kama sisi, tena wao wana kitufe cha kuzimia.

Kabla sijaendelea, tukumbushane kwa nini hii si mada ya utani. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Soma tena hiyo namba ya umri. Si wazee hao. Ni wewe uliyekaa hapo kwenye kompyuta unasoma, na mdogo wako aliyepanda Hiace asubuhi kwenda shule.

Haya, tuanze na gari dogo.

Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yameshatumika. IST, Vitz, Noah, Passo, unayajua. Ukiwasha tu, mengi yanakusemesha Kijapani. Sauti ya dada mmoja hivi, mpole, ana adabu zake. Miaka yote watu wamekuwa wakibuni anachosema. Wengine wanasema eti anakutakia safari njema. Wengine eti gari linalalamika kuletwa mbali na kwao. Ukweli ni kwamba mara nyingi yule dada anasema hivi: kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wa Wajapani wa kulipia barabara za kulipia bila kusimama getini, ulianza kutumika kwao mwaka 2001. Kadi yenyewe alibaki nayo mwenye gari wa kwanza huko huko.

Sasa tazama hali ilivyo. Gari linaomba kadi ambayo haipo, kwa ajili ya geti ambalo halipo, kwa lugha ambayo dereva haijui, na linafanya hivyo kila asubuhi kwa miaka. Tunacheka, lakini kuna somo pale. Dereva huyu amefundishwa na gari lake mwenyewe kwamba likiongea halina la maana. Siku litakapokuwa na la maana, nani atasikiliza?

Na siku hiyo imeshafika. Toyota ilianza kuweka kifurushi chake kipya cha usalama kwenye Corolla Axio na Fielder za soko la Japani mwaka 2015. Ndani yake kuna kamera kwenye kioo cha mbele inayosoma mistari ya barabara, na kuna mfumo unaoonya unapotaka kugonga kitu kilicho mbele, kisha unashika breki wenyewe. Magari ya umri huo sasa yanashuka bandarini kwetu kama mtumba wa kawaida. Maandishi kwenye kioo cha dashibodi bado ya Kijapani. Mnunuzi anakabidhiwa ufunguo, anaambiwa gari halina shida, basi. Akiwa barabarani linaanza kulia. Analia nalo wiki moja, kisha anamtafuta kijana wa gereji amzimie. Hajui kwamba kuna alamu moja inayolia kwa mstari na nyingine inayolia kwa sababu mbele yake kuna lori limesimama bila taa. Kwake zote ni kelele moja.

Tena huo mstari wenyewe tuseme kweli. Kamera inahitaji mstari uliopakwa rangi ukaonekana. Kwetu kuna barabara mstari umefutika, kuna vumbi limeula, kuna mahali lazima uuhame kukwepa shimo au kumpisha bodaboda anayekuja upande wako. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara ya Nagoya linamwona dereva wa Tandika kama mlevi. Akilizima, sina moyo wa kumlaumu.

Ipo lugha nyingine ya gari ambayo haihitaji Kijapani, nayo ni rangi. Nyekundu ni simama. Njano ni kapime mapema. Kijani na bluu ni taarifa tu, kama taa kubwa zimewaka. Taa nyekundu yenye picha kama kibirika ni presha ya oili. Ikiwaka unaendesha, weka gari pembeni uzime injini, usiseme nitafika tu hapo mbele. Ile ya ABS ikibaki inawaka, breki za kawaida zinaweza kuwa zinafanya kazi, lakini ule msaada wa kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu huna. Na ya SRS ikigoma kuzimika, maana yake mfumo wa mifuko ya hewa una hitilafu. Siku ya kugonga, mfuko unaweza usifumuke kabisa.

Na hapo ndipo panapouma. Kutibu SRS ni gharama. Kuizima taa ni bei ya soda. Mtaani wapo mafundi wanaoitoa balbu, na wapo wajanja zaidi wanaounganisha waya wa taa ya SRS na ule wa taa ya chaji, ili iwake ukifungua swichi na izimike injini ikiwaka. Mnunuzi anaona kila kitu shwari. Fundi hajatibu ugonjwa, amepiga ganzi tu. Gari limekaa kimya na wewe umefurahi, kumbe limenyamazishwa.

Kwa wanaojipanga kununua gari, chukueni hii bure. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za SRS, ABS, injini na oili zote zinatakiwa kuwaka. Subiri kidogo. SRS na ABS zinatakiwa kuzimika zenyewe baada ya sekunde chache, injini ikiwa bado haijawashwa. Kama SRS haikuwaka kabisa, balbu imetolewa au kuna mchezo mwingine. Kama inasubiri injini iwake ndipo izimike pamoja na ile ya chaji, ujue imeozeshwa kwa jirani. Muulize muuzaji mbele ya mashahidi.

Sasa twende kwa wenzetu, maana nilisema si sisi peke yetu.

Mwaka 1974 Marekani walijaribu jambo la kibabe. Magari mapya ya toleo la mwaka huo yalitakiwa yasiwake mpaka waliokaa viti vya mbele wafunge mikanda. Kukawa na kasheshe. Mtu anaweka mfuko wa mboga kwenye kiti cha pembeni, gari linadhani ni binadamu, linagoma. Anapakia mbwa, linagoma. Wananchi wakaja juu, wabunge wakapigiwa kelele, na Oktoba mwaka huo huo ikapita sheria iliyosainiwa na Rais Gerald Ford ya kufuta sharti lile. Tena wakaongeza kwamba serikali isilazimishe kengele ya mkanda inayolia zaidi ya sekunde 8. Kizuizi hicho cha sekunde 8 kilikaa kwenye vitabu vyao hadi mwaka 2012. Fikiria, taifa lililopeleka watu mwezini lilitunga sheria ya kuilinda raha ya dereva dhidi ya kengele.

Je, kengele ndefu ingesaidia? Taasisi ya utafiti wa usalama barabarani ya makampuni yao ya bima, IIHS, ilitoa matokeo mwaka 2019: kengele inayong'ang'ania inaweza kuongeza ufungaji wa mikanda kwa asilimia 34 miongoni mwa watu ambao kwa kawaida hawafungi, na kuokoa maisha ya watu hadi 1,500 kwa mwaka. Kwa hiyo kero inafanya kazi, pale inaposema jambo la kweli na lenye dawa ya papo hapo. Umefunga, imenyamaza, mmemalizana. Kwetu dawa ya haraka iliyogunduliwa ni nyingine, kuuchomeka mkanda nyuma ya mgongo wako, au kununua ule ulimi wa bandia wa kuchomeka bila mkanda. Kengele inanyamaza na kifua kiko wazi.

Taasisi hiyo hiyo mwaka 2017 ilitoa hesabu nyingine inayonifurahisha sana. Walikagua magari 983 yaliyoletwa kufanyiwa sevisi, waone mifumo ipi madereva wameiacha iwake na ipi wameizima. Ile ya kuonya ukihama mstari ilikutwa inafanya kazi kwenye asilimia 51 tu ya magari. Ile ya kuonya na kuzuia kugonga mbele ilikutwa hai kwenye asilimia 93. Madereva ni wale wale na magari ni yale yale. Kwa nini moja waichukie na nyingine waiache? Mimi naisoma hivi: ya mstari inalialia kutwa nzima hata kwa mambo ambayo dereva ameyakusudia. Ya mbele inakaa kimya wiki nzima, ikisema neno ujue kuna kitu. Mtu anayesema mara chache na akisema ni kweli, tunamsikiliza. Mtu wa kulalamika kila dakika, hata akisema nyumba inaungua utaona wanageuzia upande wa pili wanalala.

Ulaya nao wako kwenye somo hilo hilo. Tangu Julai 2024, magari mapya yote yanayouzwa Umoja wa Ulaya lazima yawe na mfumo unaosoma vibao vya mwendo na kumkumbusha dereva akizidisha. Unaweza kuuzima, lakini ukizima gari na kuliwasha tena nao umefufuka. Madereva wanalalamika kwamba wakati mwingine unasoma kibao cha barabara ya pembeni, au namba iliyobandikwa nyuma ya lori, unaanza kumsumbua mtu ambaye hana kosa. Mjerumani na Mfaransa wanasema yale yale ya suka wa Ubungo. Ndiyo maana nikasema elimu siyo jibu lote.

Sasa turudi nyumbani, kwenye basi, maana huku ndiko damu inakomwagika kwa wingi kwa mara moja.

Kikomo cha mwendo wa basi la abiria kwetu ni kilometa 80 kwa saa, na kwenye makazi kilometa 50. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo, wengi tunakijua kwa jina la VTS. Ulianza wakati wa SUMATRA, na tangu mwaka 2019 uko chini ya LATRA. Kifaa kinatumia satelaiti kujua basi liko wapi na linakwenda kasi gani, taarifa zinatumwa ofisini, na mwendo ukipita kiwango kinalia ndani ya basi. Kwa karatasi, ni kitu kizuri sana, na mimi nakiunga mkono. Zamani trafiki alikuwa na tochi yake kwenye kichaka kimoja, dereva akishapita pale anajua mpaka kichaka kingine barabara ni yake. Kifaa hiki hakina kichaka.

Lakini jiweke kwenye kiti cha dereva. Hii alamu inaongea na nani? Inamwonya yeye, au inamchongea? Kwake ni zote mbili, ila anachokisikia kwa sauti kubwa ni la pili. Tangu tukiwa darasani tunajua mtu anayepeleka majina kwa mwalimu tunamwitaje. Mnoko. Ndivyo kifaa kinavyoonekana. Na mnoko hata akisema la kukuokoa, unamsikiliza umenuna.

Halafu kuna hesabu ambayo alamu haiioni. Chukua njia ya kilometa 800. Ukienda 80 bila kusimama hata mara moja ni saa 10. Ukienda 100 ni saa 8. Saa 2 ni nyingi kwa mtu anayesubiriwa na tajiri, na kesho alfajiri anatakiwa kugeuza na gari. Mizani kuna foleni, barabara inajengwa, konda amechelewesha kutoka stendi. Nani anazilipa hizo dakika? Mguu wa dereva. Kumbukeni migomo ya madereva ya Aprili na Mei 2015. Moja ya vilio vikubwa ilikuwa mikataba ya ajira. Mtu asiye na mkataba hawezi kumwambia tajiri, bosi, ratiba hii haiwezekani kwa mwendo halali. Anaweza kuambiwa aache ufunguo mezani, deiwaka wako nje wanasubiri. Kwa hiyo anakaa katikati ya kelele mbili, ya alamu na ya simu ya tajiri inayouliza umefika wapi. Alamu haijui kufukuza kazi. Simu inajua.

Hapo ndipo mnapata vituko vya watu kuchezea vifaa. LATRA wenyewe wamekuwa wakitangaza kuwachukulia hatua wanaoingilia mfumo, na si madereva tu, hata wenye mabasi. Hilo ni jema, na lingefaa liendelee kupanda juu. Maana kama basi limewekewa ratiba ambayo ukiigawanya kilometa kwa saa unapata mwendo usioruhusiwa, kosa lilifanyika kabla dereva hajakanyaga mafuta. Lilifanyika mezani.

Na sisi abiria? Tusijitoe. Alamu ikilia ndani ya basi, watu 50 wanaisikia. Angalia wanachofanya. Mmoja anaweka spika za masikioni. Mwingine anamwambia konda aongeze sauti ya muvi. Wapo mpaka wanaoshabikia, suka kanyaga, tuwahi daladala za mwisho. Dereva anayeenda 80 anaitwa mzee wa harusi. Anayepaa anasifiwa mpaka anapewa jina. Kisha basi likipinduka tunaandika kwenye mitandao kwamba dereva alikuwa na mwendo kasi. Alikuwa nao tangu Chalinze, na alamu ilikwambia.

Sababu ya kwenda mbali na hili ni kwamba jirani zetu walishalijaribu lote, la chuma na la mdomo, na majibu yapo.

Kenya, waziri wa uchukuzi wakati huo, John Michuki, alitoa kanuni mwaka 2003 zilizoanza kubana mwezi Februari 2004. Kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo cha kilometa 80 na mikanda kwa abiria. Nchi nzima ilisimama, watu walitembea kwa miguu kwenda kazini, na baadaye matatu zikarudi zimenyooka. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda vidhibiti vingi vikachokonolewa, vikawa mapambo ya kumwonyesha askari. Chuma kikabaki na mtu akakizunguka.

Kisha wakaja watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, wakajaribu kitu ambacho ukisikia utadhani ni utani. Stika. Walibandika ndani ya matatu za safari ndefu stika zenye ujumbe wa kumhimiza abiria asikae kimya dereva anapoendesha vibaya, asema, alalamike. Dereva akizitunza stika zake zisibanduliwe anaingia kwenye bahati nasibu ya kila wiki. Zaidi ya magari 1,000 yalipewa stika, mengine zaidi ya 1,000 hayakupewa, kisha wakafuatilia madai ya bima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha madai yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili kwenye magari yenye stika. Wakarudia kwa ukubwa zaidi, magari kama 12,000, kampeni ikajulikana kwa jina la Zusha, na mwaka 2015 wakachapisha kwamba madai yalipungua kwa asilimia 25 hadi 33. Imepungua kidogo ukilinganisha na mara ya kwanza, lakini hiyo ni karatasi ya kubandika! Haina satelaiti, haina laini ya simu, haina betri.

Kwa nini karatasi ifanye vizuri hivyo? Nadhani ni kwa sababu ilifanya kitu kimoja ambacho kengele haiwezi: ilimpa abiria ruhusa. Wengi wetu tunaogopa kusema. Unaogopa kuambiwa shuka ukapande ndege. Unaogopa kuonekana mshamba. Stika inakuwa mtu wa kwanza kusema, wewe unakuwa wa pili, na wa pili hachekwi. Dereva naye anapata kisingizio cha heshima. Tajiri akipiga simu anaweza kusema, bosi, abiria wamegoma, wanataka mwendo wa kawaida. Hapo kelele za gari zimegeuka kuwa kelele za watu, na kelele za watu ng'ombe anazisikia.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu. Dereva hachukii usalama. Anachukia alamu isiyoeleweka, inayolia hovyo, au inayomchongea yeye peke yake na kumwacha anayemsukuma. Ukiondoa hayo matatu, atasikiliza. Na alamu yenyewe ni shahidi tu. Shahidi bila mtu wa kumsikiliza anapiga kelele ukumbi mtupu.

Napendekeza mambo manne, wenye uwezo wa kuyafanya mpo humu mnasoma.

Kwanza, wauza magari wa kwetu. Gari likija na maandishi ya Kijapani, mpeni mnunuzi hata karatasi moja ya Kiswahili: taa hii ni nini, mlio huu ni nini, kitufe hiki kinazima kipi. Na huyo dada wa ETC mnyamazisheni kabla gari halijatoka yadi, ili siku gari likiongea mtu ashtuke.

Pili, mafundi. Kuzima taa ya SRS bila kutibu iwe aibu kwenye fani, kama ilivyo aibu kwa daktari kumpa mgonjwa wa appendiksi panadoli. Mteja akishindwa gharama, mwache na taa yake iwake, angalau anajua anaishi na nini.

Tatu, wasimamizi. Kabla ya kuuliza basi lilikwenda kasi gani, liulizwe ratiba yake inataka kasi gani. Ni hesabu ya darasa la sita, kilometa gawanya kwa saa, toa muda wa chakula, mizani na vituo. Ikizidi kiwango, aitwe mwenye ratiba.

Nne, sisi. Alamu ikilia ndani ya basi usiongeze sauti ya muziki. Usimvamie dereva kwa matusi, anaendesha, mkigombana naye mmeongeza hatari. Mwite konda, mwambie kwa adabu: kaka, alamu inalia, mwambie suka apunguze. Geuka kwa jirani yako umwambie naye aseme. Watu watatu wakisema, basi zima limesema. Wakikaidi, na ukakuta namba ya simu ya wahusika imebandikwa mle ndani, piga, taja namba ya gari na mahali mlipo.

Kuna atakayeniambia abiria wa Kitanzania hawezi, sisi ni watu wa kuvumilia. Wakenya nao walikuwa wanaambiwa hivyo hivyo kabla ya ile karatasi. Tofauti ya 80 na 120 kwenye spidomita ni kidole kimoja tu, lakini nguvu ya kugonga inakuwa zaidi ya mara mbili. Mimi naona kidole kimoja hicho kinatosha mtu kufungua mdomo.

Naomba kutoa hoja. Madereva mliomo humu, hasa wa masafa marefu, naomba mtuambie ukweli hapo chini: alamu ikilia, ni nini kinachokupita kichwani? Na abiria, nani kati yenu ameshawahi kusema, na alijibiwaje? Matusi hayatapita, hoja zote karibuni.